Tungo Tata na Amana: Uhakiki wa Istilahi za Kufungulia Hifadhidata katika Kazi za Kiotomatiki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki jinsi Kiswahili kinavyoutaja na kuueleza mstari wa maandishi ambao programu huutumia kuifikia hifadhidata, hususan pale ambapo programu hiyo hujiendesha bila mtu wa kuandika nenosiri. Hoja kuu ni kwamba istilahi mbili, "kamba ya muunganisho" na "nenosiri", zinaficha hatari ambazo msomaji wa Kiswahili angeweza kuzitambua mapema iwapo angepewa majina bora. Kwa kutumia dhana ya tungo na utata kutoka sarufi ya Kiswahili, na dhana ya amana kutoka maadili ya jamii, makala yanapendekeza istilahi "tungo unganishi" na "amana ya mfumo", na kuonyesha kwamba kila moja hubeba ndani yake kanuni ya usalama. Mifano imetolewa katika mfumo wa takwimu za afya unaotumika Uganda, katika hifadhidata ya PostgreSQL, na katika miongozo ya kimataifa ya uandishi wa programu.

Maneno ya msingi: istilahi, tungo tata, amana, hifadhidata, usalama wa taarifa, Uganda

1.0 Utangulizi

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hiyo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri, siku chache kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani, liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mijadala iliyofuata jijini Kampala imejikita zaidi katika upungufu wa walimu, vitabu na mitihani. Hayo ni masuala ya haki. Hata hivyo, lugha inayoingia shuleni kwa amri ya serikali huulizwa swali jingine ambalo haliwezi kukwepwa kwa muda mrefu: je, inaweza kumfundisha kijana kazi ambayo ataifanya kesho asubuhi?

Miongoni mwa kazi hizo ni utunzaji wa mifumo ya taarifa. Kila mwezi vituo vya afya nchini Uganda hujaza fomu ya HMIS 105 inayohesabu wagonjwa wa nje, na takwimu hizo huingizwa katika mfumo wa DHIS2, uliobuniwa kwa uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Wizara ya Afya ya Uganda imeutumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Nyuma ya mfumo huo ipo hifadhidata ya PostgreSQL. Ili DHIS2 ifike huko, msimamizi huandaa faili liitwalo dhis.conf, na ndani yake huandika anwani ya hifadhidata, jina la mtumiaji na nenosiri. Mwongozo wa mfumo wenyewe unamtaka msimamizi alifunge faili hilo lisomwe na akaunti moja tu. Vilevile, pembeni mwa mfumo mkuu hukua kazi nyingine ndogondogo: programu inayotengeneza nakala rudufu usiku, nyingine inayojumlisha takwimu za wilaya kabla ya kikao cha Jumatatu, nyingine inayopeleka jedwali kwa mfadhili. Hizo ndizo tunazoziita hapa kazi za kiotomatiki: mfuatano wa hatua ambazo kompyuta huzitekeleza kwa ratiba au kwa tukio, bila mtu kuketi mbele yake.

Kila moja ya kazi hizo inahitaji mstari mmoja wa maandishi, mara nyingi usiofika herufi mia moja, unaosema hifadhidata iko wapi na nani anaomba kuingia. Anayeupata mstari huo hahitaji kuvunja mlango wowote. Hifadhidata za afya zina habari za hali ya VVU, za mimba na za magonjwa ya akili, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inamwajibisha anayezihifadhi kuzilinda na kutoa taarifa zinapovuja. Kwa hiyo jina tunaloupa mstari huo ni zaidi ya pambo la kamusi. Ndilo jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hulisikia kuuhusu, na mara nyingi ndilo la pekee analolikumbuka.

Uhakiki huu unatumia vigezo vitatu. Kwanza, istilahi isipotoshe asili ya kitu. Pili, iweze kuzaa maneno mengine ya familia yake. Tatu, imsaidie msomaji kutabiri hatari kabla hajafundishwa kanuni.

2.0 Kutoka kamba hadi tungo

Tafsiri sisisi inayotolewa na mashine za kutafsiri, na wakati mwingine na wafasiri wenye haraka, ni "kamba ya muunganisho". Kosa lake linaonekana kwa urahisi: neno la Kiingereza lina maana ya uzi au kamba, lakini katika fani ya kompyuta linamaanisha herufi zilizopangwa moja baada ya nyingine. Uzito wa kosa hilo hauonekani kwa urahisi huo. Kamba katika Kiswahili ni kitu kimoja kisicho na viungo vya ndani. Hufungwa, hufunguliwa, hukatwa, huungwa kwa kupiga fundo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba ana kamba mkononi ataona ni halali kabisa kuunga kipande hapa na kipande pale hadi ifike. Kama tutakavyoona, huko kuunga vipande ndiko chanzo cha matatizo.

Mapendekezo mengine, kama vile "mfuatano wa herufi za muunganisho", ni sahihi zaidi lakini hayajafika mbali. Yanatuambia kwamba herufi zinafuatana. Hayatuambii kwamba zimepangwa kwa kanuni. Tuutazame mstari wenyewe katika umbo lake la anwani:

postgresql://msomaji:nenosiri@seva.ndani:5432/takwimu

Hapa kuna jina la itifaki, jina la mtumiaji, nenosiri, jina la seva, namba ya mlango, na jina la hifadhidata. Kila kijenzi kina nafasi yake, na alama zilizo kati yao, yaani nukta pacha, alama ya @ na mkwaju, hufanya kazi ya mipaka. PostgreSQL inakubali umbo la pili pia:

host=seva.ndani port=5432 dbname=takwimu user=msomaji

Katika umbo la kwanza dhima ya kijenzi hujulikana kwa nafasi yake. Katika la pili hujulikana kwa lebo iliyobandikwa mbele yake, na mpangilio unaweza kubadilika bila maana kuharibika. Mwanafunzi wa isimu hataona ugeni wowote hapa. Zipo lugha zinazomtambulisha mtenda kwa nafasi yake katika sentensi, na zipo zinazomtambulisha kwa kiambishi.

Sarufi ya Kiswahili tayari ina jina la kitu cha namna hii. Tungo ni matokeo ya kuweka pamoja vipashio sahili ili kujenga vipashio vikubwa zaidi, kwa kanuni, kuanzia neno hadi kirai, kishazi na sentensi. Kwa hiyo makala yanapendekeza istilahi "tungo unganishi". Faida yake ya kwanza ni ukweli: mstari huu una vijenzi, mipaka na kanuni. Faida ya pili ni uzazi: tunapata mara moja "kutunga", "mtunzi wa tungo", "kijenzi", "uchanganuzi wa tungo". Faida ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, na inahitaji sehemu yake yenyewe.

3.0 Tungo tata

Kila aliyesoma Kiswahili katika shule ya sekondari ya Afrika Mashariki amekutana na tungo tata. Sentensi "Asha alimpigia Musa mpira" inaweza kumaanisha kwamba Asha aliupiga mpira kuelekea kwa Musa, au aliupiga kwa niaba yake, au alimwadhibu mtu kwa sababu ya mpira. Msemaji alikuwa na maana moja. Msikilizaji akapata nyingine. Na hakuna kati yao aliyevunja kanuni ya sarufi. Tungo unganishi huwa tata kwa njia iyo hiyo, isipokuwa kwamba msikilizaji ni mashine na haiulizi.

Tuseme msimamizi, kwa kufuata ushauri mwema wa kuchanganya herufi na alama, amechagua nenosiri Mto@Nile/7. Programu ya usiku inaunga vipande na kupata:

postgresql://msomaji:Mto@Nile/7@seva.ndani:5432/takwimu

Mtunzi alikusudia alama ya @ ya kwanza iwe sehemu ya nenosiri. Mchanganuzi wa PostgreSQL haoni hivyo. Kwake @ ya kwanza ndiyo mpaka: nenosiri ni Mto, seva ni Nile, na kila kinachofuata mkwaju ni jina la hifadhidata. Kazi inashindwa, jambo ambalo pengine litamfanya msimamizi abadilishe nenosiri na kusahau. Lakini tazama kilichotokea kabla ya kushindwa. Kompyuta ilijaribu kuitafuta seva iitwayo Nile, kwa hiyo ikauliza mfumo wa majina ya mtandao. Kipande cha siri kilisafiri nje kama swali la kawaida, kisha kikaandikwa katika ujumbe wa kosa, na ujumbe huo ukahifadhiwa katika kumbukumbu za matukio ambazo husomwa na watu wengi kuliko wale wanaoruhusiwa kuligusa faili la nenosiri. Hakuna mshambuliaji katika kisa hiki. Utata peke yake umetosha.

Dawa inajulikana: ndani ya anwani, alama zenye dhima ya mpaka huandikwa kwa asilimia na namba, hivyo @ huwa %40 na mkwaju huwa %2F. Lakini dawa hii nayo ina athari yake. Mitambo ya kuendesha kazi za kiotomatiki, GitHub Actions ikiwa mfano mmoja, huficha siri kwa nyota inapoziona katika kumbukumbu za matukio. Huzitambua kwa kulinganisha herufi kwa herufi. Nenosiri lililosajiliwa kama Mto@Nile/7 halifanani na Mto%40Nile%2F7, kwa hiyo umbo la pili linaweza kuchapishwa wazi huku kila mtu akiamini kwamba limefichwa. Ndiyo maana mwongozo wa mtambo huo unashauri umbo lililogeuzwa lisajiliwe nalo kama siri inayojitegemea.

Utata wa aina ya pili ni wa makusudi. Katika mazingira ya Microsoft SQL Server, vijenzi vya tungo hutenganishwa kwa nuktamkato, na lebo ikirudiwa thamani ya mwisho ndiyo inayoshika. Mwaka 2010 Chema Alonso na José Palazón walionyesha katika mkutano wa Black Hat jinsi programu zinazounga vipande zinavyoweza kudanganywa kwa sifa hiyo. Mtu akijaza katika kisanduku cha nenosiri nuktamkato na kuifuatisha na maneno Integrated Security=true, programu inayounga bila kuchunguza hutunga ombi jipya: hifadhidata imtambue mgeni kwa utambulisho wa programu yenyewe badala ya nenosiri lake. Mgeni hakuvunja sarufi. Aliongeza kishazi.

Katika hali zote mbili kanuni ni moja: tungo isiungwe kwa mkono. Mtunzi akabidhi vijenzi kimoja kimoja kwa chombo kinachojua mipaka, nacho kijenge tungo. Microsoft ilitoa chombo cha namna hiyo katika toleo la pili la .NET mwaka 2005, na maktaba nyingi za PostgreSQL hupokea seva, mlango, jina na nenosiri kama hoja zinazojitegemea, bila kuhitaji tungo hata kidogo. Mwanafunzi aliyeambiwa "kamba" anaihitaji kanuni hii kama amri ya kukariri. Aliyeambiwa "tungo" anaweza kuifikia mwenyewe, kwa sababu tangu sekondari amefundishwa kwamba tungo isiyo na mipaka dhahiri husomwa na kila mtu kwa namna yake.

4.0 Nenosiri lisilo na wa kulikumbuka

Istilahi ya pili inayohakikiwa imezoeleka zaidi, na kwa matumizi yake ya asili haina dosari. "Nenosiri" limeenea katika simu na tovuti. "Nywila" linatumiwa na baadhi ya wafasiri na waandishi. Mtu anapoingia katika akaunti yake, neno analolijua yeye peke yake na analolitunza kichwani ni nenosiri kwa maana kamili: ni neno, na ni siri.

Katika kazi ya kiotomatiki, nusu zote mbili za istilahi hii huanguka. Si neno, kwa kuwa kinachotumika kinaweza kuwa ufunguo wa herufi mia kadhaa, cheti, au tokeni inayoishi dakika kumi na tano. Wala si siri kwa maana ya jambo lililo moyoni, kwa kuwa hapana moyo. Programu ya saa nane usiku haikumbuki kitu. Lazima isome mahali fulani, na mahali hapo lazima pawepo kabla haijaamka. Swali la usalama hubadilika: si "nani analijua?" bali "limewekwa wapi, na nani anaweza kupafika?" Istilahi "nenosiri" hulijibu swali la kwanza na kulificha la pili. Kwa haki, "nywila" inastahili sifa ndogo hapa: kwa kuwa haitaji neno wala siri waziwazi, haipotoshi. Lakini haielekezi pia.

Madhara ya upofu huo yana historia. Mwaka 2016 wavamizi waliingia katika hazina ya msimbo ya kampuni ya Uber iliyokuwa imefungwa kwa umma, wakakuta humo funguo za kufikia hifadhi ya kampuni, na kuchukua taarifa za watu wapatao milioni 57. Umma haukuambiwa hadi Novemba 2017. Wahandisi wale hawakukosa kujua kwamba nenosiri ni siri. Waliandika siri mahali walipopaona pa faragha, kwa kuwa hazina ilikuwa yao. Aidha, hazina ya msimbo haisahau: mstari uliofutwa leo hubaki katika historia, na kila aliyechukua nakala jana anayo historia hiyo. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kazi ya kiotomatiki ndiyo kata. Hatuwezi kuizuia isiujue mtungi, maana ndiyo kazi yake. Tunachoweza kuamua ni kata ngapi ziwepo, zitundikwe wapi, na kila moja ifike kina gani.

Mwezi Oktoba 2020 wananchi wa Uganda walipata funzo linalokaribiana na hili, pale huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu ziliposimamishwa kufuatia uvamizi katika mfumo wa kampuni iliyokuwa ikiunganisha pande hizo. Anayeunganisha mifumo hubeba funguo za wengi. Uzito wa dhamana yake hauonekani katika neno "nenosiri", kwa sababu neno hilo linamwonyesha mwenye siri peke yake, na si mbebaji.

5.0 Amana na masharti yake

Kiswahili kinalo neno la kitu anachopewa mtu akitunze kwa ajili ya mwingine, si kwa kuwa ni chake: amana. Limetoka katika Kiarabu, limekaa katika maadili ya pwani kwa karne nyingi, na leo linatumika katika benki kwa fedha zinazowekwa na wateja. Makala yanapendekeza "amana ya mfumo" kama istilahi jumuishi ya nenosiri, ufunguo, cheti au tokeni ambayo programu imekabidhiwa ili ifanye kazi kwa niaba ya wenyewe.

Ubora wa istilahi hii umo katika masharti ambayo mzungumzaji wa Kiswahili tayari anayajua. Amana ina mwenyewe na ina mtunzaji, na wote wawili wanajulikana kwa jina. Kwa hiyo kila kazi ya kiotomatiki iwe na akaunti yake katika hifadhidata. Akaunti moja inayotumiwa na kazi kumi ni amana isiyo na mtunzaji, na ikivuja hatujui tumuulize nani. Amana huwekwa kwa kusudi. Kazi inayosoma takwimu ipewe ruhusa ya kusoma majedwali hayo, isipewe ya kufuta. Amana ina muda na hudaiwa. Tokeni ya dakika kumi na tano inayotolewa na huduma za hifadhidata za Amazon, au akaunti ya muda ambayo chombo kama Vault huitengeneza kazi inapoanza na kuifuta inapokwisha, ni amana iliyorudishwa. Mwisho, kuipoteza amana bila kusema ni khiyana kubwa kuliko kuipoteza. Sheria ya mwaka 2019 inayotaka uvujaji utolewe taarifa inasema jambo ambalo mzee yeyote wa Lamu au Kilwa angelisema bila wakili.

Istilahi inazaa pia: "mwekaji amana", "ghala la amana", "amana ya muda", "kubadilisha amana". Hata mwanafunzi wa Kampala ambaye Kiganda ndiyo lugha yake ya kwanza hutenganisha ekyama, yaani siri, na kitendo cha kutereka, yaani kuweka kitu salama. Tofauti tunayoitafuta ameshaibeba kutoka nyumbani.

6.0 Miongozo mitatu mbele ya istilahi mpya

Istilahi njema hupimwa kwa uwezo wake wa kuhukumu. Tuipime kwa miongozo mitatu inayofuatwa na waandishi wa programu duniani kote.

Wa kwanza ni kiwango cha anwani za mtandao, RFC 3986, cha Januari 2005. Kiwango hicho kilitangaza kwamba kuandika jina na nenosiri pamoja ndani ya anwani ni desturi iliyopitwa na wakati, na kikaeleza kwamba ni hatari. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, tungo unganishi za hifadhidata bado zinaifuata desturi hiyo. Sababu ni wepesi: mstari mmoja hubeba kila kitu. Kwa mizani ya amana, wepesi huo ndio kosa, kwa maana anwani ni habari ya kuwaelekeza watu na amana ni kitu cha kufichwa. Kuvifunga pamoja ni sawa na kuandika mahali pesa zilipo juu ya bahasha yenye pesa.

Wa pili ni waraka wa Twelve-Factor App, uliotungwa na wahandisi wa kampuni ya Heroku karibu mwaka 2011, unaosisitiza kwamba mipangilio itengwe na msimbo na iwekwe katika vigeu vya mazingira. Mchango wake ni mkubwa: ukifuatwa, msimbo wote unaweza kuwekwa hadharani bila amana kuvuja. Lakini waraka unatibu swali la "wapi" kwa nusu. Kigeu cha mazingira hurithiwa na kila programu-tanzu inayoanzishwa na kazi, na huweza kumwagwa chote katika ripoti ya hitilafu. PostgreSQL yenyewe, katika maelezo yake, haipendekezi nenosiri liwekwe katika kigeu cha PGPASSWORD, kwa kuwa baadhi ya mifumo ya uendeshaji huwaruhusu watumiaji wengine kuviona vigeu vya mazingira vya programu inayoendelea. Mtunzaji wa amana hapaswi kuigawa kwa watoto wake wote.

Wa tatu ni mwongozo wa PostgreSQL, ambao unastahili kusifiwa zaidi ya unavyosifiwa. Unaruhusu nenosiri likae katika faili liitwalo .pgpass, na katika mifumo ya jamii ya Unix, kama faili hilo linasomeka na watumiaji wengine, chombo hukataa kabisa kulitumia. Hapa kanuni haikuachwa kwa hiari ya msimamizi. Bora zaidi, kazi inapoendeshwa katika kompyuta ileile yenye hifadhidata, PostgreSQL inaweza kumtambua mwombaji kwa akaunti yake ya mfumo wa uendeshaji, bila nenosiri lolote. Kwa ofisi ya wilaya isiyo na bajeti ya ghala la amana, njia hii haigharimu hata shilingi, na haina cha kuibwa. Lakini mwongozo huohuo una doa. Kijenzi cha sslmode, kinachoamua kama mawasiliano yatasimbwa fiche, kina thamani ya kawaida inayosema "ikiwezekana". Seva ikikataa usimbaji, mawasiliano huendelea wazi, na utambulisho wa seva haukaguliwi. Anayetuma amana kupitia mtandao anapaswa kuandika verify-full, ili cheti cha seva na jina lake vithibitishwe kwanza. Amana hukabidhiwa kwa anayejulikana, si kwa yeyote atakayeitika mlangoni.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza linasema kwamba wahandisi wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam husoma miongozo kwa Kiingereza, hivyo istilahi za Kiswahili hazitamlinda mgonjwa yeyote. Ni kweli kwa mhandisi. Si kweli kwa karani wa takwimu, kwa mkuu wa kituo anayeombwa "kutuma ile kamba" kwa ujumbe wa simu, wala kwa mkaguzi anayepaswa kuuliza maswali. Vilevile Tanzania imeonyesha kwamba uwanja huu unaweza kuzungumzwa kwa Kiswahili katika ngazi ya dola: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume iliyoundwa kwayo zimelifikisha suala la faragha kwa wananchi kwa lugha yao. Sheria ikizungumza Kiswahili huku kazi inayoihusu haina majina, utekelezaji utabaki kwa wachache.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. "Amana" inaweza kumpa programu hadhi ya kimaadili isiyokuwa nayo. Mashine haiwezi kuwa mwaminifu wala haini. Jibu letu ni kwamba katika desturi ya amana mtunzaji anaweza kuwa sanduku, lakini anayewajibika daima ni mtu aliyelichagua sanduku. Istilahi haimwondolei msimamizi dhima. Inamrudishia. Hata hivyo pingamizi hili linatuonya tusiseme "programu imehini amana". Tuseme "amana imevuja", na tumtaje aliyepaswa kuizuia.

Pingamizi la tatu ni kwamba "tungo" tayari ni mali ya wanaisimu. Kushirikiana istilahi kati ya fani mbili kunaweza kuzaa mkanganyiko, lakini hapa maana ya msingi haibadiliki: vijenzi, mipaka, kanuni. Fani ya kompyuta imeazima "lugha", "sarufi" na "sintaksia" bila wanaisimu kunyang'anywa chochote.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba "kamba ya muunganisho" humfundisha mwanafunzi kuunga vipande mahali ambapo kuunga vipande ni hatari, na kwamba "nenosiri" humfanya amtafute mwenye kukumbuka mahali ambapo hakuna akumbukaye. "Tungo unganishi" na "amana ya mfumo" hazimalizi tatizo la usalama, lakini zinamweka msomaji upande ambao kanuni zinaeleweka bila kukaririwa: tungo isiwe tata, amana iwe na mwenyewe, mtunzaji, kusudi na muda.

Mapendekezo ni matatu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na BAKITA na vyuo vya eneo hili, izijadili istilahi hizi pamoja na wahandisi wanaoendesha mifumo, na si wanaisimu peke yao. Waandaaji wa vitabu vya Kiswahili nchini Uganda, ambao sasa wanaandika kwa ajili ya kizazi cha kwanza kitakachosoma somo hili kwa lazima, waingize matini za kazi za kisasa kando ya matini za fasihi. Na wakufunzi wa kompyuta wanaotumia Kiswahili waanze kutumia mfano wa tungo tata darasani, kwani ni nyenzo ambayo mwanafunzi anakuja nayo. Istilahi zitakazoshika katika miaka hii michache ya mwanzo ndizo zitakazobaki vitabuni, na fomu za wagonjwa zitaendelea kujazwa kila mwezi, ziwe zimehifadhiwa vyema au la.